Aliyepita Juu Hanyamazi

Marahaba. Najua wengi wenu hamjaniamkia, lakini siku hizi mtu mzima akisubiri shikamoo anaweza kukaa mpaka jua lizame, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tuendelee na kazi.

Mimi ni Bibi Nakundwa. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwalimu aliwaambia wazazi wangu nina sauti ya kuita mbuzi walio mlima wa pili. Alidhani ananisema vibaya. Sauti hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Miaka mingi nilikuwa mtunza ndiva wa kitongoji chetu, huku juu ya Same, ukishapita Vudee unapanda tena. Nimestaafu kwa sababu magoti yamekataa, si kwa sababu kuna mtu alinifanyia hafla na kunipa saa ya ukutani. Vijana wa kanisani wameniomba niwaandikie niliyojifunza kazini, ninyi mnaokwenda kutafuta kazi zenye viti vinavyozunguka. Nimekubali kwa sababu mmoja wenu aliniuliza juzi ndiva ni kitu gani, na huyo mmoja amekuzwa na maharage ya ndiva hiyohiyo.

Tena kuna sababu ya pili. Kazi hii ya kuzibua matope ilinifikisha mahakamani, nikaapa kwa Biblia, nikatakiwa nisaidie kumfunga binti niliyembeba mgongoni. Kosa lake lilikuwa kufichua siri za serikali. Siri yenyewe ilikuwa maji ya kijito chetu. Miaka yote ile sikujua kwamba natunza siri ya serikali. Nilidhani natunza maji.

Haya, ndiva. Ni bwawa la wazee wetu, limechimbwa ubavuni mwa mlima na kujengwa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Usiku maji ya kijito yanaingia yanajaa. Asubuhi unazibua tundu la chini, maji yanashika mfereji, yanakwenda kwa zamu, shamba kwa shamba. Zamani tundu lilizibwa kwa gogo lililozungushiwa nyasi na udongo. Kuzibua kulitaka mtu aingie majini, apapase kizibo kwa mguu, akizungushe taratibu kama anayemtoa mtoto usingizini. Mzee Mbonea, aliyenifundisha kazi, alikuwa na msemo wake: tundu likishatoa maji, ondoa mkono. Mwanawe mkubwa hakuusikia. Aliona maji yanatoka kidogo, akaendelea kuchokonoa kwa mtaimbo ili yatoke kwa kishindo. Yakatoka kwa kishindo. Yaliondoka na ukingo wa tundu, na kipande cha mfereji, na kitalu cha kabichi cha mchungaji. Kijana akashuka Same kuendesha bodaboda, na nasikia huko nako anachokonoa.

Ndivyo mwanamke nilivyopata kazi ya wanaume. Msije mkaandika kwamba ilikuwa usawa wa kijinsia. Wanawe wote walikuwa wamekimbilia barabara ya lami, na mzee alisema afadhali mwanamke anayesikika kuliko mwanamume anayetafutwa.

Sauti ilihitajika kwa ajili ya jiwe. Kando ya ndiva yetu kuna jiwe bapa, kubwa kama sakafu ya jiko. Kila asubuhi, kabla ya kuzibua, mtunza anasimama hapo na kuuliza kwa nguvu: "Aliyepita juu, maji yakoje?" Yeyote aliyepita upande wa chemchemi, awe alifuata kuni, awe alifuata mchumba, anavua viatu, anapanda jiweni na kusema alichokiona. Rangi, harufu, mzoga kama upo, mti kama umeangukia kijito. Huruhusiwi kusema hujui wakati umepita. Huruhusiwi kusema ngoja nikamuulize mkubwa wangu. Aliyepita juu hanyamazi, kwa sababu walio chini hawaoni. Watoto wa huku wanaijua sheria hiyo kabla ya Baba Yetu. Anayenyamaza anatozwa faini, pipa la dengelua, ile pombe ya muwa, na wanaokunywa ni wale ambao wangedhurika.

Mwenye swali "je, na mtu wako wa nyumbani?" nitamjibu. Mume wangu, Mungu amlaze pema, alipita juu asubuhi moja akitokea kilabuni alikolala. Aliona mbuzi aliyekufa ndani ya kijito. Kama angesema, ningejua alikotoka. Akaona heri kitongoji kizima kinywe mbuzi kuliko mke wake ajue mambo. Nilipouliza pale jiweni akatazama mawingu. Jioni watoto wakaanza kuharisha, na mchunga ng'ombe mmoja akasema alimwona mzee wangu amesimama kando ya mzoga akiufikiria. Nilimtoza faini mbele ya watu wote. Alitengeneza dengelua mwenyewe, akailalamikia wiki nzima, na siku ya kuinywa alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Lakini hakunyamaza tena. Hata akiona jani limeanguka alipanda jiweni kulitangaza.

Baadaye wakaja wafadhili wakaona mawe yetu hayapendezi. Wakapaka saruji, wakaondoa gogo, wakaweka koki ya chuma yenye usukani, mfano wa gari. Wakatuita kwenye semina ya kutufundisha kutunza maji, tukala wali, tukapiga makofi. Saruji ilipopasuka hakukuwa na semina. Tulipuliza pembe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, watu wakatoka na majembe, tukaziba kwa udongo uleule wa babu zetu. Koki lakini niliipenda, sitawadanganya. Mgongo wangu uliipenda zaidi.

Sasa sikilizeni jinsi ya kujua maji mabaya, kwa sababu hilo simu haitawaambia. Msianze na rangi. Mvua ikinyesha rangi hubadilika na hakuna kosa. Tazameni viluwiluwi pembezoni. Wakiwepo na wanacheza, kunyweni. Kisha tazameni kaa. Kaa wa kijito hapendi jua, anakaa chini ya jiwe lake kama mwenye deni. Mkiona kaa wametoka mchana kweupe na kupanda miambani, ondoeni ndoo.

Mwaka ule kaa walipanda mpaka jiwe langu la kuulizia. Walikaa pale mbele yangu kama wajumbe wa mkutano.

Huko juu, ndani ya msitu wenyewe, msitu ambamo mama yangu mzazi aliwahi kukamatwa kwa kuokota kuni mbichi, alikuwa ameingia mwekezaji na mashine. Tuliambiwa anatafuta mawe ya ujenzi. Alikuwa akisaga mwamba na kuosha dhahabu, na maji ya kuoshea yalirudi kijitoni. Yalitufikia yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikwenda kwa mtendaji, mtendaji akatutuma kwa mkubwa, mkubwa akatuambia ule ni mradi wa kimkakati. Nikauliza kimkakati ni nini. Akasema ni jambo kubwa. Nikamwambia hata kuhara ni jambo kubwa, njoo ukaone. Akaandika namba yangu ya simu, nadhani ili asiipokee.

Yule binti niliyembeba anaingia hapa. Anaitwa Namsifu, mama yake ni jirani yangu, shamba lao linafuata la kwangu kwenye zamu ya maji. Nilimbeba mgongoni mama yake alipokwenda vibaruani. Alisoma, akaajiriwa na ofisi moja ya serikali inayopima maji. Ofisi sitaitaja, pengine jina lake nalo ni siri. Kumbe ofisi hiyo ilikuwa imechota maji yetu kimyakimya, ikayapima, ikakuta zebaki. Kisha wakubwa wakaagiza majibu yasitoke nje. Nadhani waliogopa tukijua tutaacha kunywa, na maji yatabaki bila mnywaji.

Namsifu alikuja nyumbani Ijumaa. Jumamosi asubuhi alipanda kwenye chemchemi kutazama kwa macho yake, akashuka akatukuta tumekusanyika. Nikasimama jiweni nikauliza kama ninavyouliza kila siku. Nilimwona ametoka njia ya juu, viatu vimejaa tope jekundu. Sikumtaja jina. Nilimtazama tu, na kila mtu akamtazama.

Akatazama ndoo zetu, moja baada ya nyingine. Kisha akavua viatu, akapanda.

"Maji yana zebaki," akasema. "Inatoka machimboni. Msinywe, msipikie, msimwagilie mchicha. Wajawazito wasiyaguse kabisa. Nimejua tangu mwezi uliopita, na wala sikutakiwa kuwaambia."

Akashuka, akavaa viatu. Sikufungua koki siku ile. Watu wakaenda na ndoo chemchemi ya Waluteri, bonde la pili, mwendo wa kukata pumzi, na mpaka leo bado tunakwenda. Lakini kulikuwa na simu zilizoinuliwa, siku hizi hata maombi ya wagonjwa yanarekodiwa. Zamani maji yakifunguliwa yalifika shamba la mwisho jua likiwa utosini. Video ya Namsifu ilifika Same kabla mchuzi wangu haujachemka.

Wakamchukua Jumatatu ofisini kwake. Shtaka nilisomewa baadaye, nikaomba lirudiwe kwa sababu nilidhani sijasikia vizuri. Lilisema kwamba ametoa taarifa za siri za serikali kwa watu wasiohusika. Watu wasiohusika ni sisi. Sisi ambao maji yale yako matumboni mwetu, mifupani mwetu, kwenye maziwa ya mama zetu, hatuhusiki. Anayehusika anaishi Dar es Salaam na anakunywa maji ya chupa. Nikaambiwa akipatikana na hatia atakwenda jela miaka mingi, na dhamana ikazuiwa kwanza, maana binti anayejua habari za maji ni hatari akiachiwa barabarani.

Alipoulizwa kituoni kwa nini alisema, jibu lake lilikuwa neno moja, aliniambia mwenyewe: "Niliulizwa." Wakamuuliza tena, wakamuuliza usiku, wakamletea wakubwa. Jibu likawa hilohilo.

Jumatano wakaja wapelelezi kwetu, wanne, wamevaa miwani myeusi ndani ya ukungu. Sisi wenyeji tulikuwa hatuoni hatua mbili mbele, wao wamejiongezea giza. Gari lao likanasa kwenye tope la kona ya kanisa, na waliolisukuma kulitoa ni wajomba wa Namsifu, kwa adabu kabisa, wakapakwa matope usoni na magurudumu, wakaambiwa asante wazee. Kisha wale vijana wakapanda mpaka chemchemi na machimboni kuona eneo la tukio. Wakashuka saa ya jiwe.

Nami nilikuwa kazini. Ilikuwa asubuhi, watu wamekuja kusikia kama maji yamepona. Nikasimama, nikauliza: "Aliyepita juu, maji yakoje?"

Mkubwa wao alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye daftari. Nilimwona mkono wake unakwenda chini. Hakuna aliyemwambia. Aliinama akafungua kamba za buti, moja, ya pili, akazipanga pembeni visigino pamoja, kama tulivyofundishwa sote tukiwa wadogo. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu. Akapanda jiweni, akavua ile miwani.

"Ya kahawia, mama," akasema. "Yananuka dawa. Vyura wamekufa kwenye kona ya juu. Ni zebaki kama alivyosema yule binti, msiwape watoto."

Halafu akashtuka. Niliona anashtuka, kama mtu aliyeamka akajikuta anaimba kanisani. Wenzake walimtazama. Yeye akatazama miguu yake iliyo na soksi tu, juu ya jiwe, mbele ya watu wasiohusika.

"Umezaliwa wapi, baba?" nikamuuliza.

"Msangeni," akajibu polepole. "Babu yangu alikuwa mtunza ndiva."

"Inaonekana. Amekulea."

Akashuka, akavaa buti, akanihoji kwa ukali kuliko wote. Namwelewa. Hata mume wangu alikuwa mkali kila baada ya kusema ukweli.

Wakaniandika shahidi. Si shahidi wa Namsifu, la hasha, shahidi wa Jamhuri. Mimi ndiye niliyeuliza, mimi ndiye niliyesikia, mimi ndiye nitakayethibitisha kwamba siri ilitoka. Na hapa ndipo pagumu, kwa hiyo acheni kuchezea simu mnisikilize.

Mama Namsifu alinijia mchana, nikiwa napukuchua mahindi. Alibeba bakuli la makande, ameyatia nazi, kitu ambacho huku hatufanyi isipokuwa tunataka jambo. Akakaa, tukasalimiana, tukasifu mvua. Kisha akasema wazee wamezungumza. Wameona nifike mahakamani niseme sikusikia vizuri. Mimi ni mtu mzima, kulikuwa na upepo, masikio yamechoka. Hakuna hakimu atakayembishia bibi juu ya masikio yake.

"Masikio yangu hayajachoka," nikamwambia.

"Najua, dada. Nakuomba uyachoshe siku moja tu."

"Nimemtoza baba watoto wangu faini kwa sababu alinyamaza. Leo ninyamaze mimi?"

Akaanza kulia, si kwa sauti, machozi tu yakidondokea kwenye bakuli. "Mbuzi wako aliumiza watoto matumbo wakapona," akasema. "Mimi mwanangu atazeekea ndani. Wewe utabaki na sheria yako ya jiwe, mimi nitabaki na nini?"

Nikaendelea kupukuchua mahindi. Ninyi mnaosoma vitabu mnapenda mzee awe na jibu. Makande yakapoa. Alipoondoka alisahau bakuli, na mimi sikumkumbusha, nikijua atarudi kulifuata na nitalazimika kumtazama tena usoni.

Kesi ikaitwa. Nilishuka na gari la abiria, Noah, tumebanana, nikafika Same na joto lake la tambarare, nikaambiwa upelelezi haujakamilika, nirudi. Nikarudi. Haujakamilika. Nikarudi tena. Vijana, mkitaka kitu kidumu hapa duniani msijenge kwa saruji, jengeni kwa upelelezi. Mama Zaituni, mfanyabiashara wa vitumbua karibu na mahakama, aliyenipa mkeka wa kupumzikia kila nilipokwama, aliniuliza ni upelelezi gani huo, maana binti amekiri alisema na video ipo. Nikamwambia nadhani wanapeleleza nani mwingine anakunywa maji.

Katikati ya maahirisho hayo Namsifu akapata dhamana. Alikonda. Tulikaa naye kwenye benchi la nje ya mahakama, yeye mshtakiwa, mimi shahidi wa kumshtaki, tunagawana kitumbua. Nikamwambia kile mama yake alichoomba. Nikamwambia sijui nitafanya nini.

"Bibi," akasema, "ukisema hukunisikia, ina maana sikusema. Basi nimepoteza kazi kwa kitu gani?"

Huyo ndiye mhaini mwenyewe.

Siku yangu ikafika. Chumba kimejaa, mama yake amekaa mbele na kanga mdomoni. Yule afande wa Msangeni amekaa dirishani na mafaili. Wakili wa serikali alikuwa kijana nadhifu, viatu vinang'aa, alinikaribisha kwa heshima, akaniita bibi yangu. Akaniuliza kazi yangu. Akaniuliza kama siku ile nilimsikia mshtakiwa.

Nilimtazama Mama Namsifu. Kisha nikajibu. Nilisema nilimsikia vizuri kabisa, na nikarudia neno kwa neno: zebaki, machimboni, msinywe, mchicha, wajawazito, sikutakiwa kuwaambia. Mama yake akajifunika uso wote. Wakili akaitikia kwa kichwa kama jogoo aliyeona punje.

"Na aliyasema mbele ya umati?"

"Mbele ya kila mwenye ndoo."

"Kabla ya siku hiyo, neno zebaki mlikuwa mmelisikia?"

"Hatukulisikia. Tuliona kaa, tukajua maji ni mabaya. Jina la ubaya alituletea yeye."

Hapo alikuwa amemaliza kazi. Kama Mzee Mbonea angekuwa hai angemshika kiwiko. Tundu likishatoa maji, ondoa mkono. Lakini kijana alitaka kishindo.

"Kwa hiyo bibi yangu, ieleze mahakama kwa uwazi. Taarifa hii ya siri hukuisikia kwa mtumishi mwingine yeyote wa serikali isipokuwa mshtakiwa. Ni kweli?"

"Si kweli," nikasema. "Jumatano yake niliisikia tena."

"Kwa nani?"

"Kwa yule afande pale dirishani. Alivua buti, akapanda jiweni, akatuambia ni zebaki, tusiwape watoto. Namshukuru. Wajukuu zangu hawajayagusa tena."

Mliowahi kuona mtu anateleza kwenye tope akiwa amevaa suti mnajua chumba kilivyokuwa. Kuna aliyecheka, hakimu akagonga meza. Wakili akaniambia kwa ukali kwamba nilimtega afisa wa serikali. Nikamjibu simtegi mtu, nauliza kila asubuhi, hata mchungaji namuuliza, na siku nyingine nawauliza mbuzi. Akaniambia nijibu ndiyo au siyo. Nikamwambia anioneshe kwanza swali.

Hakimu, mama mmoja mwenye miwani ya kusomea, akamgeukia afande. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama anaridhia alichosema shahidi au ana la kupinga.

Vijana wangu, nilimwona yule mtu anafikiri. Angeweza kusema bibi huyu amezeeka, upepo, masikio. Ule uongo wote wazee walioniandalia ulikuwa pale mezani, aweze kuuchukua yeye. Akasimama, akavuta shati lake chini.

"Ni kweli, mheshimiwa," akasema. "Niliulizwa."

Neno lilelile. Namsifu akainua kichwa kizimbani, na mara ya kwanza tangu Jumamosi ile nikaona amelia.

Kesi ikaahirishwa, bila shaka, upelelezi ulikuwa umeugua ghafla. Ikaahirishwa tena. Halafu siku moja upande wa Jamhuri ukasema hauna nia ya kuendelea na shauri. Nadhani mtu alihesabu akaona wakimfunga mmoja itabidi wamfunge na mwingine, na wakianza kuwafunga wote waliozaliwa karibu na ndiva, Same na Mwanga zitabaki na nyani.

Msishangilie. Namsifu hakurudishiwa kazi, ofisi ile ilisema imepoteza imani naye. Afande akahamishwa mbali, sijui wapi, na hilo liko shingoni mwangu. Ukweli niliousema ulimtoa mtoto wa jirani na ukamtia shimoni mtoto wa Msangeni ambaye hakunikosea kitu. Nilituma ndizi na salamu kupitia kwa mtu wa kwao. Jibu lililorudi ni kwamba ndizi zilikuwa nzuri. Mashine za juu zilinyamaza mwaka mzima, wakasema ni matengenezo. Viluwiluwi wakarudi. Kaa wakarudi chini ya mawe yao. Tukaanza kumwagilia, ila kunywa bado tunafuata bonde la pili. Mama Namsifu akaja kuchukua bakuli lake.  Nililirudisha likiwa na mayai, hivyo ndivyo huku tunavyosema yamekwisha.

Magoti yalipokataa, kitongoji kikamchagua Namsifu kuwa mtunza. Amesoma kunizidi, sauti ni ndogo, lakini inafika. Jambo moja nililomfundisha ni kutouliza kwa upole.

Mwezi huu nilipanda mara ya mwisho kwenye chemchemi, kwa fimbo na kwa kupumzika kila kwenye kisiki, kuiaga tu. Pale machimboni nikakuta kibao kipya, jina jipya la kampuni, na mlinzi mpya aliyeniambia kwa upole kwamba nilichokiona pale hakipaswi kusemwa, kwa kuwa ni mradi wa kimkakati. Nikamwambia asante, mwanangu. Nikashuka.

Walikuwa wamekusanyika. Namsifu alisimama jiweni, miguu mitupu, akauliza. Kisha akaniona natokea njia ya juu na tope jekundu kwenye fimbo. Niliona uso wake unabadilika. Anajua kizimba kilivyo. Hakunitaja jina. Alinitazama tu, na kila mtu akanitazama.

Nikakaa chini, nikavua viatu. Ilinichukua muda, na hakuna aliyenisaidia, kwa sababu hairuhusiwi. Nikapanda.

"Rangi ya chai ya maziwa," nikasema. "Funga koki."